Programu Iliyokataa Mchele wa Kibombo

Siku yangu ya kwanza kazini niliimalizia juu ya mchikichi. Bosi wa foni, yaani redio ya kuongelea, alinipa waya wa antene, akaninyooshea kidole juu, akaingia ndani kunywa chai. Nilikuwa nimemwambia kwamba ninajua redio. Yeye hakuuliza kama ninajua kupanda miti. Sisimizi walinikuta katikati ya fundo, na watu wa avenyu nzima wakatoka kutazama jinsi fundi mpya anavyocheza. Ninyi mnaobaki kazini mkisikia kwamba Papa Shabani alipanda upesi, ni kweli: nilipanda siku ile, na sikupanda tena. Kwa hiyo habari za vyeo na mishahara tuziache huko huko kwenye mchikichi.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuwa haiji tena Kindu, mashua zilikuwa haziji, na simu za mkononi tulikuwa tunazisikia tu kama habari za Ulaya. Kitu kikifika, kimekuja kwa ndege au juu ya baiskeli iliyosukumwa msituni, na pesa ziliogopa njia zote mbili. Ndiyo sababu pesa zilisafiri kwa sauti. Mtu wa Kisangani anapeleka dola zake kwa mfanyabiashara wa kule. Foni ya kule inaita foni yetu. Sisi tunaandika jina na kiasi. Mfanyabiashara wa hapa, yaani bosi wetu, anamlipa ndugu wa mtu yule. Hakuna noti iliyotikisika mahali pake. Vijana mnaofikiri pesa isiyoshikika ililetwa na ordinatere, yaani kompyuta, nawaomba heshima kidogo.

Kwa kuwa kila mwenye redio aliweza kutusikia, hatukutamka neno dola. Tulisema chumvi. Mpango huo ulitengenezwa na bosi na ulikuwa mzuri, isipokuwa kwa jambo moja: wakati ule chumvi ilikuwa imepotea mjini, na watu waliitamani kuliko dola. Nilipopokea habari kwamba mifuko kumi ya chumvi imefika, niliirudia kwa sauti kubwa kama nilivyofundishwa, na kabla sijaweka mikrofoni chini, askari wawili walikuwa mlangoni.

"Chumvi iko wapi?" mmoja akauliza.

"Iko Kisangani, chef," nikamjibu, kwa jina la ukubwa wanalolipenda.

"Tumesikia unasema imefika."

Nilimweleza kwamba ilifika bila kufika. Walipekua nyumba, hawakuona hata punje, wakaondoka na kiti changu. Kilichoniuma zaidi ni jirani zangu, akina mama waliokuja nyuma yao na visahani mkononi. Walirudi nyumbani wakiamini nimeificha, na kwa muda mrefu hakuna aliyeitikia salamu yangu vizuri.

Nyuma ya ukuta wangu, katika chumba kilichokuwa jiko zamani, alikaa Mama Zaina. Kazi yake ilikuwa ile ile yangu: kusikiliza na kuandika. Lakini redio yake ilikuwa nyingine, kukuu, ya aina nyingine kabisa, na antene yake iliangalia upande mwingine. Amri ya bosi ilikuwa kwamba kila mmoja aandike peke yake, bila kuona karatasi ya mwenzake. Tukikubaliana, mtu analipwa. Tusipokubaliana, tunaita upya. Mimi niliona ni matusi. Redio yangu ilikuwa mpya na masikio yangu yalikuwa ya kijana. Kwa nini nichunguzwe na mama anayesikiliza kwenye sanduku la kutu? Siku moja nikamwambia kwa adabu kwamba angekuja tu kukaa kwangu, tusikilize pamoja redio nzuri, tungeokoa batri.

Hakuacha kuchagua mchele wake. "Kama tuko na redio moja," akasema, "na redio iko na kikohozi, sisi wote wawili tutaandika kikohozi."

Nilicheka. Sikuelewa kitu, lakini nilicheka kama mtu aliyeelewa, ufundi ambao nimeutumia miaka yote ya kazi.

Wiki hiyo hiyo alikuja mama mmoja, Mwamini, mke wa mtu wa reli aliyelala hospitali. Kaka yake alikuwa ameahidi kumtumia pesa za dawa kutoka Kisangani. Foni iliita, na kiasi kilisemwa kwa Kifaransa, kama tulivyozoea. Nilisikia *dix*. Mifuko kumi. Kwa mujibu wa amri nilipaswa kunyamaza na kungoja karatasi ya Mama Zaina, lakini mama yule alikuwa ananiangalia usoni, na mimi nilitaka sana kuwa mtu anayeleta habari njema. Nikamwambia. Alikaa chini, akafunika uso kwa kitenge, akaanza kutaja majina ya dawa atakazonunua.

Mama Zaina alikuwa ameandika *six*.

Tuliita Kisangani upya, na upya tena, mpaka mtu wa kule akakasirika. Ilikuwa sita. Redio yangu mpya ilikuwa imekata mwanzo wa neno, na masikio yangu ya kijana yakaweka pale mwanzo uliowapendeza. Nikarudi kwa Mwamini, nikamwambia. Alinitazama bila hasira. "Nilikuwa tajiri," akasema, "mpaka uliporudi." Bosi alimlipa sita, akamkopesha kidogo juu yake, na mume wake alipona, baadaye alinipita mara nyingi barabarani na kofia yake ya reli. Mimi nilihamishiwa jikoni kwa muda, upande wa redio kukuu, nijifunze kunyamaza.

Vita vilipotulia, simu zikaja, na foni ikafa siku zile zile ambazo mnara wa kwanza ulisimama mjini. Mama Zaina alirudi kwao Kasongo. Mimi nikawa fundi wa simu. Nilifungua nyingi na kufunga chache. Ndipo Enjenia Furaha aliponikuta.

Yeye ni mtoto wa Kindu, alisomea mbali, akarudi na ordinatere mgongoni na wazo moja kichwani. Ushirika huu ninaouacha ulikuwa na wakulima wa mpunga wa Kibombo, wafanyabiashara wa Kindu na Kailo, na watu wa Pangi waliouza chakula machimboni. Wote waliteswa na jambo moja: noti. Noti zilichanika, zilikataliwa, na aliyezibeba njiani alilala jicho moja wazi. Furaha aliwaambia watengeneze pesa yao wenyewe, ya kwenye simu, waiite punje, na kila punje isimame juu ya mchele uliopo kweli kwenye depo. Wakamuuliza nani atakuwa mkubwa wa pesa hiyo. Akasema hakuna. Kila mahali, Kindu, Kailo, Kibombo na Pangi, patakuwa na mashini yake, na kila mashini itabeba hesabu yote, itachunguza kila malipo peke yake, na kusema ndiyo au hapana. Hakuna mashini itakayoamini nyingine kwa sababu ya urafiki.

Kanuni za punje ziliandikwa kwenye karatasi, kurasa chache, kwa Kiswahili, zikakubaliwa na wote katika mkutano. Furaha akaandika programu ya kuzifuata. Mimi niliajiriwa kwa ajili ya antene na batri. Kupanga programu nilijifunza kwake mchana, wakati vitu havijaharibika, katika umri ambao wenzangu wanajifunza kusinzia.

Siku moja akaniita. Alisema anataka programu ya pili, ya kazi ile ile, iliyoandikwa na mtu ambaye hajaona ya kwake hata mstari mmoja. Mtu huyo apewe karatasi ya kanuni tu. Nilimuuliza ni nani huyo tutakayemtafuta.

"Ni wewe, Papa Shabani."

"Enjenia, ya kwako inafanya kazi vizuri. Tuikopi tu mara nne."

"Tukiikopi mara nne, tuko na mashini ine na kichwa kimoja. Kama nilielewa kanuni vibaya, zote ine zitaelewa vibaya pamoja, na hakuna atakayetuambia."

Hapo nilimkumbuka Mama Zaina na mchele wake, na kwa mara ya kwanza kicheko changu cha zamani kilifika mahali pake. Nikakubali.

Programu niliyoandika sitaisifu. Ilikuwa polepole sana. Malipo ambayo ya Furaha iliyachunguza kabla hujapepesa jicho, yangu iliyachunguza kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Siku ya kwanza ya majaribio ilikataa malipo yote ya Kindu. Nilikuwa nimeiwekea saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma yetu, kwa hiyo iliona kila malipo yanatoka wakati ambao haujafika, ikayakataa kwa heshima. Nikarekebisha. Ikakataa kitu kingine. Kila wakati programu hizo mbili zilipogombana, tulifungua karatasi ya kanuni, tukasoma, na kila mara aliyekosa alikuwa mimi. Watu wa depo waliizoea. Mtu akikataa kukopesha mwenzake, walisema amekuwa programu ya Papa.

Hata hivyo, ilipoacha kukosa, Furaha aliiweka kazini kweli. Kindu na Kailo walibaki na ya kwake. Kibombo na Pangi wakapewa ya kwangu. Mama Bahati, aliyetunza mashini ya Kibombo, alipiga simu akauliza kwa nini wao ndio wanapewa ile mbaya. Nilimjibu kwamba ni heshima. Alikata.

Ikafika msimu wa mavuno. Malipo yalikuwa mengi, na Furaha alikuwa ameipunguza programu yake hapa na pale iende mbio zaidi. Asubuhi moja kamio, lori kubwa la mizigo, ilikuwa mbele ya depo ya Kindu. Mnunuzi mmoja, mtu wa sokoni tuliyemjua wote, alikuwa amenunua mchele wa Kibombo kwa wingi, na wapakiaji walikuwa wamekwisha kupandisha nusu. Mtandao ulikuwa mbaya siku hiyo. Alilipa kwa simu, simu ikaganda, akabonyeza, akabonyeza tena, mwishowe ikapita. Mashini ya Kindu ikasema ndiyo. Kailo ikasema ndiyo. Magunia yakaendelea kupanda.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Bahati.

"Papa, mashini yako imekatala tena. Na ya Pangi vilevile. Sasa ni muchele yetu njo inakatala. Wakulima wako hapa mbele yangu, niwaambie nini?"

Niliwageukia watu wa depo, na wote walikuwa wanatabasamu, hata wapakiaji. Mnunuzi naye alisema, bila ubaya, kwamba mashini ya hapa imekwisha kukubali na mvua iko karibu, kwa hiyo Papa atengeneze kitu chake wakati kamio inaondoka. Niliona ni sawa. Nilikaa, nikafungua programu yangu, nikatafuta mahali inapokatalia, nikapaona. Ilikuwa mistari michache. Kuifuta ingekuwa kazi ndogo kuliko kusafisha miwani.

Furaha alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia naitengeneza.

"Unaitengeneza ifanane na nini?"

"Na ya kwako."

Aliinama kutazama mistari ile. "Na kama ya kwangu njo iko na kosa?"

Jambo hilo halikuwa limemjia mtu yeyote pale, na naona hata yeye mwenyewe lilimjia wakati mdomo wake unalisema. "Ondoa mukono, Papa," akasema. Kisha akawageukia wapakiaji, akawaambia wasimame.

Hapo tabasamu ziliisha. Wapakiaji walilipwa kwa gunia, si kwa kusimama. Mnunuzi alipaza sauti kwamba amelipa, na simu yake inaonyesha amelipa. Mama Bahati alikuwa bado kwenye laini, na nyuma yake nilisikia wakulima wakiuliza kama mchele wao umeuzwa au haukuuzwa. Mkubwa wa depo alimwambia Furaha kwamba akiwa na wasiwasi na mashini yake mwenyewe mbele ya watu, nani ataipokea punje kesho. Hilo ndilo lilikuwa neno zito. Pesa yetu haikuwa na benki nyuma yake wala serikali. Ilikuwa na mchele na imani ya watu, na watu walikuwa wanatuangalia.

Furaha akaleta karatasi ya kanuni, akaisoma kwa sauti, mbele ya wote. Ukipokea malipo, pokeo hilo ni lako, na ukitaka kulipa mtu unataja ni pokeo gani unalitumia. Pokeo moja linatumika mara moja tu. Akaniuliza programu yangu inalichunguza jambo hilo namna gani.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimweleza vizuri. Nilimwambia kwamba sikujua njia ya kifundi, kwa hiyo programu yangu inachukua pokeo moja, inalifuta, halafu inarudi mwanzo kabisa na kutafuta linalofuata kana kwamba haijawahi kuanza kazi. Ndiyo maana iko polepole. Haijui inafanya nini; inajua tu kwamba lililofutwa halipo.

Alinitazama, akaenda kwenye ordinatere yake, akakaa muda. Tulipomwona anaweka mikono yote miwili juu ya kichwa, tulijua.

Simu ya mnunuzi, katika kuganda na kubonyezwa, ilikuwa imetengeneza malipo yaliyotaja pokeo lile lile mara mbili ndani ya malipo mamoja, kama mtu anayeonyesha noti moja kwa mkono wa kulia na kisha kwa mkono wa kushoto. Programu ya Furaha iliuliza kama pokeo limetumika zamani. Halikutumika. Kuuliza kama limetajwa mara mbili leo, hiyo alikuwa ameiondoa kwa ajili ya mwendo, akiamini sehemu nyingine ya programu inaifanya. Hakuna iliyokuwa inaifanya. Nusu ya mchele alioununua ilikuwa imelipwa kwa hewa. Na mlango ule ungebaki wazi, mwenye nia mbaya angekuja baada ya mwenye haraka, na mavuno yote ya Kibombo yangekwenda hivyo.

Furaha alisimama, akachukua simu mkononi mwangu, akamwambia Mama Bahati na wakulima wake, na sisi tukisikia: "Ya kwangu njo ilikuwa na kosa. Mashini yenu ilisema kweli. Muchele yenu haijatoka."

Nilidhani watu watakimbia. Mzee mmoja wa depo alisema tu kwamba basi kumbe mashini inakatala kweli, na akauliza kazi inaanza lini. Mnunuzi hakuwa mwizi, na hakuna aliyemwita hivyo. Alilipa upya, sawasawa, lakini wapakiaji walimdai pesa za kusimama juu ya zile za kupakia, na tangu siku ile hakunisalimia mimi. Furaha, mwenye kosa, anamsalimia mpaka leo.

Nilirudi nyumbani nimetunisha kifua kama mkuu wa jimbo. Nilimsimulia mke wangu kila kitu. Aliuliza kama ameelewa vizuri: programu yangu ilishinda kwa sababu haina akili? Nilimwambia si hivyo hasa. Nililala nikitafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata.

Kesho yake nilimpelekea Furaha wazo kwamba sasa programu yangu iwekwe mahali pote pane. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana malezi.

"Papa, jana tungekuwa na ya kwangu kila mahali, muchele ungekwenda. Tukiweka ya kwako kila mahali, hakuna muntu atalipwa mpaka Pasaka. Na siku yako ya kukosa ikifika, nani atatukatalia?"

Basi zilibaki mbili, kila moja na tabia yake, miaka yote mpaka retreti yangu, yaani kustaafu. Nimejifunza kwamba kufanana si kukubaliana. Mashini mbili zilizotoka kichwa kimoja zikisema ndiyo, ni ndiyo moja yenye mwangwi. Lakini mbili zilizokua mbali, zikisoma kanuni ile ile kila moja na ujinga wake, zikisema ndiyo, unaweza kufungua depo.

Hayo niliyajua vizuri sana, na niliyaeleza kwa kila mgeni aliyefika, hadi juma langu la mwisho. Mwalimu Hamadi wa Kailo, aliyefundisha hesabu mpaka chaki ikamchosha, alikuwa ameandika programu ya tatu ichukue nafasi ya yangu, kutoka kwenye karatasi tu. Tukaijaribu. Kuna kanuni ya malipo yanayofungwa mpaka mchele ufike: yanafunguka baada ya siku ya tatu kupita. Ya Furaha ikafungua. Yangu ikafungua. Ya Mwalimu ikakataa. Nilimshika bega, nikamwambia asiumie, sisi wote tulianza hivyo, na mbili dhidi ya moja si aibu.

Mwalimu hakuumia. Aliomba karatasi. Akasoma: baada ya siku ya tatu *kupita*. Sisi tulikuwa tunafungua siku ya tatu yenyewe, tangu mwanzo, kila mavuno, bila kugombana hata mara moja. Furaha aliniangalia, nikamwangalia. Alikuwa hajaona programu yangu na mimi sikuona ya kwake. Hilo tuliapa na ni kweli. Lakini wakati naandika, siku moja tulikaa pamoja kula samaki, nikamuuliza kanuni ile maana yake nini, naye, kwa wema, akaniambia alivyoielewa. Kabla sahani haijaisha, programu mbili zilikuwa na kosa moja.

Tulirekebisha zote mbili alasiri ile. Nilimkabidhi Mwalimu ufunguo wa chumba cha mashini, nikamwonyesha batri ipi inadanganya, na nikamwomba jambo moja tu: kazini, samaki wake awe anamla peke yake.